Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Shule ndogo haiendeshwi kwa hesabu ya vichwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Umoja, hapa Nairobi, ingawa ninayoyasema yanatoka kwetu Kitui, kwenye shule ya kutwa ambayo mimi ni mmoja wa wanabodi wake. Wanabodi wengi wa shule kama hizo tunaishi mjini: tunachanga huku, tunafuatilia kwa simu, na likizo zikifika tunakwenda kujionea wenyewe. Siipingi CBE, yaani mfumo mpya wa elimu ya umilisi. Nimeitetea mbele ya wazazi na bado naitetea. Kinachoniuma ni jinsi fedha na walimu wanavyogawanywa.

Chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, sekondari ikiwa ya miaka minne, tulikuwa na madarasa manne. Mwaka wa 2025 hatukupokea Kidato cha Kwanza, kwa sababu wanafunzi waliofuata walikuwa Gredi ya 9 katika sekondari msingi. Gredi ya 10 ilipoingia Januari 2026, Kidato cha Nne cha 2025 kilikuwa kimeshamaliza. Kwa hiyo tumebaki na madarasa matatu, na kwa mfumo mpya wa 2-6-3-3-3, ambao sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) ni ya miaka mitatu, yatakuwa matatu miaka yote.

Sasa piga hesabu nami. Mgao uliowekwa ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye watoto 30 kwa kila darasa ilistahili 2,669,280 ikiwa na madarasa manne; ikiwa na matatu inastahili 2,001,960. Zimetoka 667,320, na hapo nimehesabu kana kwamba mgao hufika wote na kwa wakati, jambo ambalo hakuna mwalimu mkuu wa shule ya kutwa atakayekuambia ni la kawaida. Shule yenye wanafunzi elfu moja na zaidi ina pa kujibana. Yetu haina. Mlinzi ni yule yule, karani ni yule yule, na bili ya stima haiulizi tuna watoto wangapi.

Na mzigo umeongezeka. Kila sekondari pevu lazima iwe na mkondo wa masomo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), nasi tuna huo pamoja na ule wa Sayansi ya Jamii. Kila mtoto huchagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Ukiwagawa watoto 30 hivyo, Fizikia inaweza kubaki na sita, na hao sita wanahitaji mwalimu kamili.

Maabara yetu ilikuwa stoo. Ina meza mbili za mbao, mtungi mmoja wa gesi ya kupikia, na sinki ambalo halijawahi kuona maji. Siku ya majaribio ya Kemia watoto hupokezana bureti moja, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika: mmoja anafungua, wenzake wanakodoa macho kusoma kipimo, na kengele ikilia walio nyuma wananakili majibu ya waliotangulia. Mwalimu wao ndiye pia wa Baiolojia na wa Kilimo, na mshahara wake unatoka kwa bodi.

Kuna msichana wetu mmoja anayechora vizuri ajabu. Alitaka mkondo wa Sanaa na Michezo, lakini hatuna, na mama yake hana karo ya bweni. Leo anasoma Biashara. Kuchagua gani huko?

Wapo wanaosema shule ndogo zifungwe au ziunganishwe. Hapa Nairobi mtoto akikosa shule hii atapanda matatu aende nyingine. Kwetu shule inayofuata iko ng'ambo ya mto wa mchanga ambao mvua ikinyesha haupitiki. Ukiifunga yetu, wasichana ndio watakaobaki nyumbani kwanza.

Ninaomba kila shule ya kutwa ipewe kiasi cha msingi cha fedha kabla ya kuhesabu wanafunzi, kinachotosha kuiendesha na kuweka maabara halisi. Ninaomba TSC, tume inayoajiri walimu, itoe walimu kwa kuangalia masomo yanayofundishwa, si wingi wa watoto pekee. Na pale ambapo mwalimu wa Sanaa hawezi kupatikana kwa kila shule, shule tatu jirani zipewe mmoja, naye alipwe nauli ya kuzizungukia.

Bajeti husomwa Juni. Tafadhali fungu hili liwemo kabla Bunge halijaipitisha, maana kwa mahesabu ya bodi yetu, mwalimu wa Kemia hatutaweza kumlipa muhula wa tatu.

Wako kwa heshima,
Mwanabodi, Umoja, Nairobi