Rehema, hiyo naloksoni yako

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa ukimya. Juma amenifikishia rasimu yako. Imekaa vizuri: unasema ganzi anayojifunza panya daima hutokana na opioidi za ubongoni, yaani kemikali za kupunguza maumivu zilizo jamaa ya mofini. Ila kwenye naloksoni, dawa inayozizuia, lazima nikuchoshe.

Panya apigwe shoti kisandukuni, kesho yake arudishwe humo bila shoti, mkia upimwe kwa joto la taa. Akichelewa kuuondoa, basi kisanduku chenyewe kimepunguza maumivu. Sawa. Lakini mbona dawa unaitoa kabla ya mafunzo? Naloksoni ikiwa mwilini wakati wa shoti, opioidi zake mwenyewe hazitaipunguza makali, na hofu anayojifunza huzidi. Siku ya kupima hutajua ulichozuia ni nini. Mpe siku ile ya kupima, dakika 10 hadi 15 kabla.

Usiache pia kikundi cha naloksoni bila shoti, wala kile kilichopigwa shoti kwenye kisanduku tofauti. Bila hicho cha pili, mtu atakwambia ni mabaki ya msongo tu, si kujifunza.

Umefanya vyema kuchagua mkia badala ya formalini, ile ya kuchoma mguuni na kuhesabu panya anavyoulamba. Panya mwenye hofu huganda, na aliyeganda halambi mguu; utahesabu ganzi isiyokuwapo! Kuondoa mkia ni kazi ya uti wa mgongo, huruka hata ubongo ukitengwa nao, kwa hiyo ukichelewa, kuna amri imeshuka kutoka juu. Taa izimwe ikifika sekunde 10, la sivyo utaunguza ngozi na vipimo vinavyofuata vitaharibika.

Narudi kwenye naloksoni, nivumilie. Opioidi zina vipokezi vya aina tatu kuu: mu, delta na kapa. Naloksoni hushika zaidi vya mu, lakini dozi ikipanda inagusa delta na kapa. Tena ukiichoma chini ya ngozi inasambaa mwili mzima. Sasa hiyo “mu ya ubongo” kwenye hitimisho umeitoa wapi? Ongeza kikundi cha methilinaltreksoni, kizuia-opioidi ambacho kwa shida sana huingia ubongoni. Kisha weka CTAP, dawa inayozuia mu hasa, kwa kanula (kijibomba chembamba) kwenye sehemu ya kijivu inayozunguka mfereji wa ubongo wa kati, upande wa chini. Mwishoni kata ubongo uone ncha ilifika wapi. Waliokosewa usiwatupe, ndio ulinganisho wako mzuri kuliko wote.

Na neno “daima” lifute. Mwaka 1999 watafiti Amanzio na Benedetti walionyesha kwa watu kwamba nafuu ya plasebo (dawa bandia) iliyofuata mofini ilizuiwa na naloksoni, ila iliyofuata ketorolaki, dawa ya maumivu isiyo opioidi, bila mtu kutarajia nafuu, haikuzuiwa. Kwa hiyo ganzi ya kujifunza si ya opioidi kila mara, inategemea mwili umefundishwa na nini.

Kanula mnazo, au bado mnasubiri? Anayepima mkia anajua panya yupi kapewa nini? Makali ya taa mmeyapima kwa panya wasio na dawa? Na yule mwalimu wako, bado anang’ang’ania kuanza na dawa siku ya mafunzo?

Wako,
Zuhura