Simu walinifungia, ndo maana nakuandikia

Shoga yangu,

Najua ushanuna. Meseji nne umetuma, "tuma basi hata kipande cha shoo ya Vegas," na mi nipo kimya kama sijaziona. Sasa nakwambia ukweli, video hakuna, na picha ya mle ndani hakuna hata moja. Simu walinifungia. Sio kuninyang'anya, walinifungia huku nimeishika mwenyewe, ntakuelezea. Nlijaribu kukurekodia voisi ila kila nikianza kusimulia najikuta naimba, mara ya tatu jirani akagonga ukuta, nikaona bora niandike tu, barua ndefu ya kizamani, utaisoma ukishamlaza mtoto.

Basi nlienda kuwaona Silk Sonic. Ndo haohao, Bruno Mars na Anderson .Paak, wale wa Leave the Door Open, ule wimbo uliokua unauimba mwaka 2021 mzima huku unakosea maneno makusudi. Walianza Las Vegas tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2022, na hizi za mwezi wa 8 ndo zilikua shoo zao za mwisho mwisho. Yani walikua hawazunguki mikoani. Walipiga kambi, ukumbi mmoja ndani ya hoteli ya kasino inaitwa Park MGM, aliyewataka aliwafuata. Nikasema mi nimekaa Los Angeles miaka yote hii nawaogesha wazee wa watu, Vegas iko masaa manne na kitu kwa gari na sijawahi fika, ndo nife hivihivi? Nikamshika binamu yangu mkono, tukaondoka.

Njiani jangwa tupu. Joto la kule mwezi wa 8 we acha, sio la Dar la kutoka jasho, hili linakukausha mpaka kope, zaidi ya 40, na upepo ukivuma ni kama mtu kafungua oveni ya mikate usoni kwako. Hoteli tuliyolala sitaji jina. Bei niliyoiona kwenye simu ilikua nzuri kabisa, nafika kaunta naambiwa kuna ada nyingine ya kila usiku, ya nini, ya bwawa na intaneti na sijui nini, nimelipia bwawa ambalo sijalitia hata kidole cha mguu. Yaishe.

Sasa usifikirie Park MGM unaingia ukumbini moja kwa moja. Ili ufike lazima ukatize kwenye madubwi kwanza, mashine kwa mamia zinawaka zinalia, ukutani hakuna saa, dirisha hakuna, hujui ni saa saba mchana au saa saba usiku. Wana akili hawa. Kilichonishangaza hakunuki sigara, pale kuvuta ni marufuku, maana kasino nyingine tuliyopita jana yake tulitoka tunanuka kama tumelala kwenye gunia la tumbaku. Nikaweka dola 20, astaghfirullah, mama asijue. Kwenye filamu si huwa tunaona sarafu zinamwagika, siku hizi hamna hiyo, mashine inakutemea kikaratasi. Changu kiliandikwa senti 35. Nimekitunza, ntakuletea zawadi.

Mlangoni kwa ukumbi ndo wamesimama watu na vimfuko. Unaitumbukiza simu mwenyewe, wanabana juu na kifungo cha sumaku, kama vile vidude vya kuzuia wizi wanavyobandika kwenye nguo dukani, alafu wanakurudishia. Unakaa nacho mapajani shoo nzima, simu inatetemeka mle ndani kama kuku kwenye tenga na huna la kufanya. Ukitoka wanakigongesha kwenye kidude chao, tak, kinafunguka. Nusu saa ya kwanza mkono wangu ulikua unaenda wenyewe kuitafuta simu. Alafu nikasahau. Ukumbi unachukua watu kama 5,200 na hakuna hata kitaa kimoja cha simu kinachomulika, sisi hapo nyumbani kipaimara tu cha mtoto wa jirani, mtoto mwenyewe haonekani kwa simu zilivyonyanyuliwa.

Na ukumbi wenyewe sio mkubwa kihivyo kwa macho, wanauita Dolby Live tangu mwaka 2021, spika zimepangwa kila pembe mpaka darini, besi haikupigi kifuani kama ya kwenye harusi zetu, inakuzunguka. Bendi nzima ipo, tarumbeta, kinanda, magitaa, suti za miaka ya 70 zinazofanana wote, kola pana kama masikio ya tembo. Anderson kavaa wigi lake lile la bob na miwani mikubwa, anapanda kwenye drams anapiga huku anaimba huku anacheka, na sauti ile yenye mikwaruzo, mi kupiga makofi tu na kuimba kwa pamoja huwa napotea. Kila mmoja akapewa zamu ya nyimbo zake za zamani, mwenzie anamuitikia. Wanataniana, wanatukana (matusi mengi, ungeziba masikio, alafu ungecheka), wanageukiana kama watu wawili wako sebuleni kwao na sisi tumewachungulia dirishani.

Hapo ndo nikaanza kulia. Binamu akaniuliza vipi, nikamwambia eyakondishini.

Shoga, nlikua natuona sisi. Pale hotelini tulipokua tunaimba, Ijumaa na Jumamosi, mi na wewe na yule kaka wa kinanda, sare za kitenge za hoteli zinazobana kwapa, tumesimama pembeni ya ile mashine ya kahawa. Unaipata picha? Unafika kwenye kipande kizuri kabisa, unavuta pumzi, mashine inafanya fshhhhh. Watalii wanakula samaki wametupa mgongo. Na ulivyokua unanifinya kiwiko kila ukitaka kupanda juu, ili mi nibaki chini nikushikie sauti ya pili. Miaka mitatu nimefinywa kiwiko kilekile. Bruno na Anderson hawafinyani, ila kuna namna wanaangaliana kabla ya kibwagizo, nikajua, hawa nao wana alama yao.

Unakumbuka watu walivyokua wanasema? "Hao waimbaji wa hoteli." Kama vile wanasema hao wauza mitumba mibovu. Hoteli ni kwa aliyeshindwa studio, hoteli ni kuimba Malaika na hakuna matata mpaka unazeeka. Na we uliliamini lile neno, mi najua, ndo lililokutoa pale, sio hela.

Sasa sikiliza hii. Bruno Mars mwenyewe ni mtoto wa bendi ya hoteli. Sio utani. Kakulia Hawaii, Waikiki, pwani ya watalii kama Diani au Nungwi tu, wazazi wake walikua na bendi ya familia inawaimbia watalii, baba anapiga ngoma, mama mchezaji, na yeye ana miaka minne anapandishwa jukwaani kamevalishwa vile vinguo vya Elvis Presley, yule nyota wa rock, kanatikisa kiuno, watalii wanakufa kwa kicheko. Mpaka mwaka 1992 akatokea kwenye filamu moja inayohusu hukohuko Vegas, kaElvis kadogo. Alafu sasa Elvis naye, jina lake lilirudi juu kwa hoteli, mwaka 1969 alianza kupiga Vegas kwenye hoteli ya International, kapiga pale zaidi ya shoo 600 jumla, hoteli moja. Kwa hiyo yule mtoto aliyekua anamuigiza Elvis kwenye hoteli ya watalii kaja kuimba Vegas kwenye hoteli, na watu tukavuka jangwa. Nani kamwita muimbaji wa hoteli? Wote, na ndo ukweli.

Binamu yangu anajua hizi habari kweli, yeye ni mtu wa santuri, njia nzima ya kurudi ananipa darasa. Anasema zamani mwenye kasino alikua anaweka mwanamuziki kama chambo, tiketi rahisi, akijua ukishatoka kwenye shoo utapita kwenye meza uache mshahara. Walikuepo mume na mke, Louis Prima na Keely Smith, mwaka 1954 wakaanza kwenye baa ya hoteli ya Sahara, sio ukumbi mkubwa, baa, wanaanza usiku wa manane mpaka alfajiri. Mume anarukaruka na tarumbeta kama kapandwa na majini, mke kasimama mkavu uso kama wa mfiwa, hacheki, na watu ndo walikua wanakuja kuona hiyo. Na baada ya hapo ikafika wakati ukienda Vegas wanasema umeshazeeka, muziki umekushinda. Ni juzi tu mwaka 2003 ndo Céline Dion alijengewa ukumbi wake kabisa pale hoteli ya Caesars Palace, akapiga zaidi ya shoo 700, hapo wakashtuka kumbe tiketi yenyewe ni biashara. Wale ndugu, Donny na Marie Osmond, kaka na dada, walikaa hoteli ya Flamingo miaka kumi na moja mpaka 2019. Miaka kumi na moja! Hesabu yake rahisi tu, hulipi malori, hufungui na kufunga jukwaa kila mji, taa ulizozipanga leo kesho zipo palepale, unatoka jukwaani unalala kitandani. Hoteli nayo inamuuzia chakula na chumba aliyekuja kukuona.

Nikamwambia binamu, we hii unaiita ya kizungu? Bendi zetu za dansi si zilikua na viwanja vyao. Mlimani Park mpaka jina la bendi ni jina la baa. Ukiwataka unajua siku gani wako wapi. Na Mombasa, Them Mushrooms wametokea wapi kama sio hoteli za watalii, Jambo Bwana, wimbo wa hotelini, ndo umezunguka dunia. Akanyamaza, alafu akawasha redio.

Ila kuna moja alilosema lilinikaa. Kwamba kina Nat King Cole na Sammy Davis Jr., weusi wakubwa hao, walikua wanajaza kumbi za Vegas miaka ya 50 na hawaruhusiwi kulala kwenye hoteli wanayoimba, wala kukaa wakacheza kwenye hizo meza. Ukimaliza kuimba unaondoka ukalale upande wa pili wa mji, kwa weusi wenzio. Mpaka 1960 ndo wakakubaliana kuacha huo ujinga, baada ya watu weusi wa pale kutishia kuandamana. Nikakumbuka geti letu la nyuma, lile la jikoni, na askari anavyotupekua mikoba usiku tukitoka tusije tukawa tumeiba vijiko. Saa moja kabla tumepigiwa makofi. We ulikua unamfungulia mkoba bila kumuangalia usoni. Sio sawa na ya hao, najua, ila nlilikumbuka geti.

Haya, na walivyo hao wawili wa leo, wamekuja Vegas wakiwa juu kabisa, sio wamechoka. Mwezi wa 4 mwaka 2022 tuzo za Grammy zilihamishiwa hukohuko Vegas, wao ndo wakafungua shoo, wakaingia kwenye vipengele vinne wakabeba vinne. Na bado wakabaki watu wa kambi ya hotelini. Na walikutana vipi, mwaka 2017 Anderson alikua anamfungulia Bruno shoo zake Ulaya, wakawa wanataniana nyuma ya jukwaa, utani ukazaa nyimbo. Kama mi na wewe tulivyokutana kwenye foleni ya maji.

Nimekuja kwenye ninachotaka kukuambia, maana ulinitajia mwezi uliopita kwa haraka haraka kama kitu cha aibu, kwamba hoteli imekupigia, meneja mpya, anataka urudi Jumamosi, na we umemwambia utafikiria, alafu ukabadilisha mada ukaanza kuniuliza bei ya nywele. Ushamjibu? Kama bado, usimjibu hovyo. Mwambie unataka hela ya teksi ya kurudi, sio ile ya kusubiri gari la wafanyakazi saa nane. Chakula cha mezani, sio cha kwenye ndoo. Unapita geti la mbele, na mkoba hapekui mtu. Sare unashona mwenyewe, kwa fundi wako, wao walipe. Na kabla hujasaini chochote uende uangalie ile mashine ya kahawa iko wapi. Kama bado iko palepale, aidha itoke yenyewe au utoke wewe.

Kuhusu sauti ya pili, mwambie bado iko safarini, mwezi wa 12 inakuja likizo wiki tatu, inaimba bure Jumamosi mbili ila chakula inataka na yenyewe. Msalimie mamaako, mwambie shikamoo nyingi, na ile kinanda aliyotuachia kaka yetu naomba usije ukaiuza, hata kama funguo mbili hazilii.

Wako,
Kiwiko