YAH: Karanga Zisizotajwa Kwenye Pakiti ya Unga wa Uji

Jinja, Uganda

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Jumamosi iliyopita nilinunua sokoni pakiti ya kilo moja ya unga wenu wa uji wa mchanganyiko. Imeandikwa mahindi, ulezi, soya "na mbegu lishe". Mwanangu wa miaka 4 ana mzio wa karanga, kwa hiyo mimi husoma kila pakiti kabla ya kulipa. Karanga sikuziona.

Hakumaliza kikombe. Midomo ilivimba, mwili ukatoka vipele vya kuwasha, kisha akaanza kukohoa na kifua kikapiga filimbi. Boda boda ndiyo iliyotufikisha kliniki, akachomwa sindano ya adrenalini pajani. Tulizuiwa pale hadi usiku, maana hali hii huweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia.

Jumatatu niliwapigia simu. Mhudumu wenu alikiri kwamba mbegu lishe ni simsim na karanga, halafu akasema: "Lakini mama, ni kidogo tu, tena zimekaangwa." Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kukaanga hakusaidii, protini za karanga hustahimili moto. Na hicho kidogo ndicho hasa tunachokiogopa. Mwanangu alipoonja binyebwa (mchuzi wa karanga) mara ya kwanza, akiwa na mwaka mmoja, hakuonyesha dalili yoyote. Kumbe mwili ulishazihesabu karanga kuwa adui, ukatengeneza kingamwili za IgE, zikajipachika kwenye seli za kinga ndani ya ngozi, koo, mapafu na tumbo, zikingoja. Karanga zikirudi, hata chembe, seli hizo humwaga kemikali iitwayo histamini kwa mkupuo. Mishipa midogo ya damu huvuja, ndio uvimbe ule; njia za hewa hubana, ndiyo filimbi ile. Presha nayo ikianguka, mtoto anaweza kufa.

Simsim na soya pia huwadhuru wengine. Hata mukene mnaotia kwenye ule unga wenu mwingine ni samaki, na samaki nao wana watu wao.

Naomba mrudishe gharama za kliniki (risiti nimeambatanisha), muondoe madukani pakiti zilizobaki, na karanga mziite karanga.

Unga uliobaki nimeufunga kwenye mfuko, uko juu ya kabati mtoto asipofika. Mkitaka kuupima, njooni mchukue.

Mteja wenu,
Mama wa mtoto