Ndama Wetu Watengewe Malisho Karibu na Zizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa Tabora tulilirithi kwa babu zetu, na ambalo sasa tunaliacha lipotee mbele ya macho yetu, yaani eneo la malisho linalotengwa karibu na kaya kwa ajili ya ndama. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa asili katika Wilaya ya Nzega, na mengi ya nitakayoyaeleza nimeyaona zizini kwangu.

Wanyamwezi na Wasukuma huliita eneo hilo ngitili. Mvua zinapoanza hufungwa, majani yakaachwa yakue bila kuguswa, na kiangazi kinapokolea, kuanzia Julai au Agosti, hufunguliwa kidogo kidogo. Siku hizi wengi wakilisikia neno hilo huukumbuka mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, ambao ulisaidia kurudisha miti na majani katika ardhi iliyokuwa imebaki tupu. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kabla ya mpango wowote wa serikali, ngitili ya nyumbani ilikuwa na wenyewe: ndama, maksai wanaosubiri msimu wa kulima, na ng'ombe mgonjwa au mzee asiyeweza tena kulifuata kundi.

Katika kijiji chetu ngitili ya namna hiyo ilikuwapo hadi miaka michache iliyopita. Leo upande mmoja ni majaruba ya mpunga na upande mwingine ni viwanja vya nyumba. Sikumsikia mtu yeyote akiuliza ndama watakwenda wapi, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuwapeleka, tukaanza kuwatoa pamoja na mama zao, alfajiri na umande wake, kwenda kwenye maji na malisho ya mbali.

Oktoba ya mwaka juzi nilikuwa nyuma ya kundi tukirudi kutoka mtoni, mwendo wa saa mbili hivi. Ndama jike mmoja, aliyezaliwa Mei, alisimama njiani na kukataa kusogea. Manyoya yake yalikuwa yamesimama, tumbo limetoka kama la mnyama aliyeshiba ilhali mbavu zinahesabika, na mkia umeganda kinyesi. Nilipomfunua ukope, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Nilimbeba begani mpaka nyumbani, na hakufika asubuhi. Afisa mifugo alipompasua alinionyesha minyoo myembamba ya rangi nyekundu imejaa kwenye tumbo la nne, kati ya manne aliyo nayo ng'ombe. Huyo ndama hakufa kwa njaa peke yake wala kwa ugonjwa wa ghafla. Alikufa kwa sababu nilimlisha mahali pasipomfaa, na hilo limenikaa moyoni.

Ndama anapozaliwa, tumbo lake la kucheua halijaanza kazi, na hutegemea dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, kisha maziwa ya kawaida. Akifikisha wiki mbili au tatu huanza kutafuna majani mororo, na ni majani hayo, pamoja na maji safi ya kunywa, yanayolikuza tumbo hilo. Ndama anayepewa mabua makavu tangu mwanzo hujaza tumbo bila kupata chakula, kwa maana tumbo changa halina uwezo wa kulainisha kitu kigumu kama la mama yake. Ndiyo maana lisho la ndama halipaswi kuwa mabaki ya lisho la ng'ombe wakubwa. Yeye ndiye anayestahili kutangulia, kundi likafuata nyuma yake.

Kuhusu minyoo, mayai hutoka na kinyesi cha ng'ombe wakubwa, na wakati wa joto na unyevu huchukua takribani wiki moja kugeuka vijiminyoo vyenye uwezo wa kuambukiza. Vijiminyoo hivyo hupanda majani kwa kufuata umande, na vingi hukaa sentimita chache tu kutoka ardhini. Kwa hiyo ndama anayetolewa kabla jua halijakausha majani, tena kwenye uwanja uliokwisha kung'wafuliwa na kundi hadi kwenye shina, anakula minyoo kila anapoinamisha kichwa. Kupe nao hawapungui kwenye njia za pamoja za kwenda maji, na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao, tunaijua inavyowafagia ndama.

Tangu mwaka jana nimefunga ekari tatu nyuma ya nyumba yangu, nikazizungushia minyaa na miiba ya migunga. (Anayepanda minyaa awe mwangalifu, maana utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya.) Nimezigawa vipande sita. Ndama hawakai kipande kimoja zaidi ya siku tano, na wakitoka hawarudi hapo mpaka majani yafike gotini. Hutoka zizini umande ukishakauka, hupewa maji mara mbili, na hawalali walipolala wakubwa. Mwishoni mwa Machi, ukoka unapoanza kutoa maua, hukata sehemu, nikaianika na kuihifadhi chini ya paa, kwa sababu majani yanayoachwa yasimame hadi Septemba hubaki na nguvu kidogo sana. Ugumu wake ni mvua za mwisho, ambazo mwaka huu ziliniozeshea mzigo mzima wa kwanza. Kiangazi huongezea majani ya karanga na marando ya viazi vitamu yaliyokaushwa, vitu ambavyo wengi wetu tunaviacha shambani.

Wapo wanaosema kwamba kumwachia ndama ardhi ni ubadhirifu. Ndama wa kilo 60 hula takribani kilo mbili za majani makavu kwa siku, hivyo ndama kumi kwa miezi minne ya kiangazi wanahitaji kama tani mbili na nusu. Majani kiasi hicho hayahitaji eneo la kutisha kwa kijiji chenye mamia ya ekari.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu ya ardhi ya pamoja, na Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010 inatambua kutengwa kwa malisho ndani ya ardhi ya kijiji. Hata hivyo, mipango ya matumizi ya ardhi niliyoiona huandika neno moja tu, "malisho", nalo huwekwa pembezoni kabisa, mahali ambapo ndama wa miezi mitatu hawezi kufika. Ninaziomba serikali za vijiji vya Nzega, Igunga, Uyui na kwingineko mkoani ziweke katika mipango hiyo malisho ya ndama kwa kila kitongoji, karibu na maji na makazi, na zilipeleke jambo hili kwenye mikutano mikuu kabla ya Novemba, kwa kuwa ngitili isiyofungwa mvua zinapoanza haitakuwa na kitu cha kufungua Agosti.

Mfugaji,
Wilaya ya Nzega, Tabora