Kiwango kidogo cha dawa kwenye maji kisifunge mjadala

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu mabaki ya dawa kwenye maji ya bomba, wataalamu hujibu kwamba kiwango chake ni kidogo mno kumdhuru mnywaji. Jibu hilo si la uongo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2012, lilieleza kwamba dawa zinazopatikana kwenye maji yaliyokwisha kusafishwa kwa kawaida hazifiki mikrogramu 0.05 kwa lita (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu). Nimeshika kalamu nikapiga hesabu: kwa kiwango hicho, mtu anayekunywa lita mbili kwa siku angehitaji zaidi ya miaka 13,000 ili ameze jumla ya kidonge kimoja cha miligramu 500.

Hesabu hiyohiyo ukiigeuza inatisha, kwa sababu kidonge hicho kimoja kikiyeyuka kinatosha kufikisha lita milioni 10 za maji kwenye kiwango hicho. Nami sijitoi lawamani. Nimewahi kusimama chooni nikibonyeza vidonge vilivyopitwa na muda, kimoja baada ya kingine, nikavuta maji nikiamini ninawaepusha watoto na hatari.

Hata asiyetupa dawa anachangia. Metfomini, dawa ya kisukari, haivunjwi mwilini bali hutoka kwenye mkojo na kinyesi karibu yote jinsi ilivyomezwa, na kabamazepini ya kifafa hupita kwenye mitambo ya majitaka bila kupungua sana. Ndiyo maana watafiti waliopima mito 258 katika nchi 104, na kutoa matokeo yao mwaka 2022, walizikuta hizo mbili, pamoja na kafeini, mara nyingi kuliko nyingine zote. Mchanga wa kuchujia, shabu na klorini kwenye mitambo ya maji ya bomba viliwekwa kwa ajili ya tope na vijidudu, si kwa ajili ya dawa. Kuchemsha nako huua vijidudu, lakini dawa nyingi hubaki sufuriani. Kinachozipunguza kweli ni ozoni au mkaa maalumu wa kuchujia, navyo vina gharama.

Linalonikera ni kuona udogo wa kiwango ukitumiwa kama jibu la kila swali, ilhali samaki hanywi lita mbili kwa siku, bali anaishi humo. Kati ya mwaka 2001 na 2003, katika ziwa moja la majaribio huko Ontario, Kanada, watafiti walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwa takriban nanogramu 5 hadi 6 kwa lita (nanogramu elfu moja ni mikrogramu moja), yaani kama sehemu moja ya kumi ya kiwango nilichokipigia hesabu. Samaki madume walianza kutengeneza protini ya mayai, na jamii moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo.

Kwa hiyo ninaziomba mamlaka za maji zipime dawa hizi na kutangaza matokeo kwa jina la kila dawa, si kwa maneno ya jumla kwamba maji ni salama. Kuhusu gharama, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 inayowataka watengenezaji wa dawa na vipodozi kubeba angalau asilimia 80 ya gharama za usafishaji wa ziada wa majitaka unaoondoa mabaki kama haya, na sioni sababu ya mzigo huo kumwangukia mlipa bili peke yake mahali pengine. Wakati mitambo ikisubiriwa, maduka ya dawa yanaweza kuweka sanduku lenye kufuli ambamo mteja atarudisha vidonge vilivyobaki.

Msomaji wenu