YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWANANGU KUTOLEWA NJE YA DUKA LENU LA ZANA ZA KILIMO

Mabogini,
Moshi.

Kwa Meneja wa Tawi,
Moshi Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa mpunga hapa Mabogini, na ndiye niliyefika dukani kwenu Ijumaa iliyopita kumalizia malipo ya pawatila, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mkono, ambayo malipo yake ya awali mlikwisha kuyapokea na kuyatolea risiti ya mashine ya kodi (EFD). Sitaeleza ni mashine ipi wala tulikubaliana nini, kwa sababu kumbukumbu zote mnazo ofisini. Ninaandika kwa sababu mwanangu wa darasa la pili alishikwa mkono na mfanyakazi wenu, akatolewa hadi nje ya geti na kuachwa kando ya barabara kama mwizi, huku mimi mama yake nimesimama kaunta nikitoa fedha za kuwalipa ninyi.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Tuliingia ukumbini, mdogo nimembeba mgongoni kwa mbeleko na mkubwa ameshika pindo la kanga yangu. Mwanangu alimsalimu muuzaji, "Shikamoo," kama tulivyomfundisha. Muuzaji hakumwitikia. Alinitazama mimi akasema, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Mama, hapa si chekechea, watoe hao nje ndipo tuongee." Nilimjibu kwa adabu kwamba watoto hawagusi kitu, nikamwomba anionyeshe mahali wanapoweza kukaa nikamaliza shughuli. Akasema hapana mahali. Nikamwambia basi tufanye haraka, nihesabu fedha, anipe risiti, niondoke. Nilipoinama kutoa bahasha kwenye mkoba, alimshika mwanangu mkono, juu ya kiwiko, akatoka naye. Nilipoinua uso, mtoto alikuwa nje ya geti, upande wanakopita malori na bodaboda, na mlinzi alikuwa amekwisha kulifunga.

Utaratibu wenu kuhusu watoto mnaufahamu kuliko mimi, na kibao mlichobandika mlangoni nimekisoma. Kinasema watoto waambatane na mzazi wakati wote. Hakisemi wasiingie. Sasa naomba uongozi unijibu: mtoto aliyekuwa ameshika nguo ya mama yake alikuwa amevunja kanuni gani, na aliyemtenganisha na mzazi wake akampeleka peke yake barabarani alikuwa akitekeleza kanuni ipi?

Sitaki mtu aniambie kwamba ilikuwa tahadhari. Tahadhari naijua. Sisi tunaolima katika majaruba ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987, hatukuanzia dukani kwenu kuona mashine. Najua meno ya rotaveta, kile kifaa cha kutifua udongo, hayachagui udongo wala mguu. Najua pawatila ikiingizwa gia ya kurudi nyuma inaweza kumkandamiza mtu mzima ukutani, sembuse mtoto. Najua shafti ya PTO ya trekta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana na kuzunguka mara 540 kwa dakika, ambayo ni mara tisa katika kila sekunde, ikinasa ncha ya kanga haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele. Kwa sababu hiyo watoto wangu walikuwa mwilini mwangu, mmoja mgongoni na mmoja ubavuni, na kwa sababu hiyo nilisimama kaunta badala ya kuzunguka kati ya mashine. Kama muuzaji wenu angeniambia, "Mama, tafadhali wasikaribie upande ule, fundi anawasha injini," ningemshukuru na kumwombea heri.

Hakuna aliyeniambia hivyo, na injini ilikuwa imewashwa kweli. Hapa ndipo ninaposhindwa kujizuia, kwa sababu kabla ya yote hayo, wakati bado tunasubiri kuhudumiwa, aliingia bwana mmoja aliyeshuka kwenye gari kubwa pamoja na mwanawe, mtoto wa rika moja na wangu. Muuzaji yule yule aliwafuata hadi mlangoni. Alimwamkia baba, akamsifia mtoto, kisha akambeba kwa mikono yake mwenyewe akamkalisha kwenye kiti cha trekta ambalo fundi alikuwa akilionyesha huku linanguruma, akarudi nyuma hatua chache na kumpiga picha kwa simu. Mtoto aliweka mkono kwenye usukani na hakuna mtu mzima aliyekuwa karibu naye kuweza kumdaka. Sina neno na mtoto huyo wala na baba yake. Ninachosema ni kwamba siku hiyo hiyo, katika ukumbi huo huo, mtoto mmoja alipandishwa juu ya mashine inayofanya kazi na mwingine akatupwa barabarani kwa kusimama karibu na mama yake. Mwenye macho na aniambie kama hapo palikuwa na suala la usalama. Lililokuwapo ni macho yaliyotazama kandambili zangu na mbeleko yangu yakaamua kwamba sina uzito.

Na fedha nilikuwa nazo. Zilikuwa za wanachama wetu, wengi wao akina mama, waliozitunza msimu hadi msimu, na ndizo nilizotumwa kuwaletea. Miche ilikuwa tayari kitaluni na majaruba yalikuwa yanasubiri kuchavangwa, yaani kuvurugwa tope kabla ya kupandikiza. Kwa nini nilikuja na watoto? Nimeulizwa swali hilo na mhudumu wenu wa simu, nami naona halikustahili kuulizwa. Shule zimefungwa, mama mkwe anaumwa, na mtoto wa mgongoni bado ananyonya. Isitoshe, siku moja kabla nilimpigia muuzaji huyo huyo nikamweleza kwamba nitakuja na watoto, nikauliza kama kuna tatizo, akanijibu, "Njoo tu mama, hamna shida." Kama kulikuwa na shida, hapo ndipo pa kuitaja, wakati bado ningeweza kumtuma mwanachama mwingine.

Mnauza zana kwa wakulima. Mnajua nani analima mpunga ukanda huu, nani anapalilia, nani anapandikiza akiwa ameinama ndani ya maji, na mara nyingi mtoto wake yuko wapi wakati huo. Duka linalotaka fedha ya mwanamke mkulima lakini halitaki kumwona na mtoto wake limeamua kutomhudumia, hata kama halijaandika hivyo ukutani. Kila mwaka kwenye viwanja vya Nane Nane pale Themi, Arusha, wazazi hupita na watoto wao kati ya matrekta, kamba zimefungwa kuzunguka mashine, na wahudumu wa mabanda huwaeleza watoto hao jinsi jembe linavyofanya kazi. Kamba ni shilingi ngapi? Benchi moja kwenye kivuli, mbali na injini, ni shilingi ngapi kwa kampuni inayouza mashine za mamilioni?

Baada ya kurudi nyumbani nilipiga simu kwa namba iliyo kwenye risiti. Nilisikilizwa nusu nusu, nikaambiwa "tutalifanyia kazi", na nilipouliza ni nani atakayelifanyia kazi na lini, simu ilikatwa. Jioni yake muuzaji alinitumia ujumbe kuuliza nitakwenda lini kumalizia deni. Hakutaja mtoto. Hakuandika hata neno pole.

Kwa hiyo narudia kueleza, kwa kuwa inaonekana ofisini kwenu jambo hili limepokelewa kama ugomvi mdogo wa mteja na muuzaji. Mwanangu alishikwa mkono na mtu mzima asiyemfahamu. Alivutwa mbele ya watu, na kwenye ngazi ya mlango kiatu kimoja kikamchomoka. Muuzaji hakusimama ili mtoto akivae. Nilikikuta kiatu hicho kimelala kwenye ngazi nilipokuwa nikikimbia. Mlinzi alifungua geti, mtoto akatolewa, geti likafungwa. Alikuwa na mguu mmoja peku juu ya kokoto, analia, na kwa kuwa aliona upande wa pili daladala zinazoelekea kwetu, alianza kuvuka barabara akidhani huko ndiko anakotakiwa kwenda. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria ndiye aliyemdaka kwa shati. Dereva huyo hanifahamu, wala halipwi na kampuni yenu, na ndiye pekee mahali pale aliyefanya kazi ya kumlinda mtoto. Nilipofika, muuzaji alikuwa amekwisha kurudi ndani, na sauti niliyoisikia nyuma yangu ilikuwa ya kicheko. Usiku ule mwanangu aliniuliza alikosa nini. Alitaka kujua kama ni kwa sababu ya kusalimia. Sikuwa na jibu la kumpa, na jibu hilo nalidai kutoka kwenu.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba radhi ya maandishi tu. Kadiri ninavyoyaandika naona radhi peke yake haitoshi. Nataka muuzaji huyo aandike kwa mkono wake na kutia sahihi barua ya kumwomba radhi mwanangu, na meneja atie sahihi chini yake. Nataka muweke sehemu salama ya kukaa watoto, yenye kivuli na mtu wa kuwaangalia, na muweke uzio wa kamba kuzunguka mashine zote zinazowashwa ukumbini, ili kanuni iwe moja kwa mtoto wa mwenye gari na mtoto wa mwenye mbeleko. Nataka mlinzi wenu aelekezwe kwamba mtoto asiye na mzazi hatolewi getini kwa amri ya mtu yeyote. Na kuhusu pawatila, kikundi kimekaa na kuamua: hatuitaki tena kutoka kwenu. Rejesheni malipo yetu ya awali yote, bila kukata hata senti ya kile mnachokiita gharama za ofisi, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Kuchelewa kwetu kuchavanga kumesababishwa nanyi, na kodi ya mashine tuliyolazimika kukodi kwa jirani tutaidai pia. Risiti yake ninayo.

Naomba msilichukulie hili kama maneno ya hasira yatakayopoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa namna inayomdhalilisha, na inamlinda dhidi ya ubaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haiwalindi wafanyakazi peke yao. Inawalinda pia watu wengine dhidi ya hatari zitokanazo na shughuli za mahali pa kazi, na mtoto aliyepandishwa kwenye trekta linalonguruma ni mmoja wao, kama alivyo huyu wangu. Siku 14 zikipita bila jibu la maana, nitafika OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kueleza nilichokiona kwenye trekta lile, nitafika Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi kueleza alichofanyiwa mwanangu, na suala la fedha zetu nitalipeleka Tume ya Ushindani. Dereva wa bodaboda amekubali kuwa shahidi. Kamera mliyoifunga juu ya geti ilielekea pale pale mtoto aliposimama, kwa hiyo naomba, na hili si ombi la hiari, picha za siku hiyo zihifadhiwe. Zikipotea, nitaeleza pia kwamba zimepotea baada ya ninyi kupokea barua hii.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka kuligusa, lakini kwa kuwa hata pole hamkutoa, naliweka wazi. Mkutano wa wakulima wa skimu unakaribia, na vikundi vingine viko mbioni kununua mashine kabla ya msimu ujao. Wataniuliza nilinunua wapi na nilihudumiwaje. Nitawaeleza kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi, sitaongeza wala sitapunguza, na mwanangu atakuwepo mkutanoni ameketi karibu nami, kwa sababu kwenye mikutano yetu watoto hawafukuzwi.

Jibu nalitaka kwa maandishi, lenye sahihi ya meneja na muhuri wa ofisi, lipitie kwa mwenyekiti wa kikundi ambaye anwani yake mnayo kwenye profoma, ile ankara ya awali. Muuzaji yule asinipigie simu tena wala kunitumia ujumbe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka hazina wa kikundi na mama wa mtoto,
Mabogini, Moshi.