Posho ije kabla ya medali

Mhariri,

Mwaka 2023, Faith Kipyegon alipovunja rekodi za dunia za mita 1,500 na 5,000, Serikali ilimzawadi shilingi milioni 5 na nyumba. Alistahili, tena ilichelewa. Lakini chipukizi anayekimbia Iten alfajiri, viatu vya kuombaomba na kodi ya chumba haijalipwa, anapata nini? Uingereza haitoi donge kwa medali ya Olimpiki. Humpa mwanariadha posho angali mazoezini, kwa fedha za bahati nasibu ya taifa. Singapore hutoa dola zake milioni 1 kwa dhahabu ya mchezaji binafsi, ila asilimia 20 sharti irudi kwa chama cha mchezo wake. Wizara ianze na hilo la Uingereza. Kodi ya kamari tunakusanya tayari.

Msomaji, Eldoret